Mpingo Katika Sinia

Gari liachapo barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, likashika njia ya kupanda Mgeta, hupita Mlali kabla mlima haujaanza kulitoa jasho. Mlali imo katika Wilaya ya Mvomero, chini ya Uluguru, upande wa magharibi; na upande huo ndio ulionyimwa. Mawingu yatokayo Bahari ya Hindi hutua mizigo yao mashariki mwa milima, kisha huvuka kilele yakiwa mepesi. Watu wa Mlali hulima nyanya na mboga kwa maji ya vijito vishukavyo kutoka juu, na pale maji yasipofika ardhi hurudi kuwa nyika: miiba, mawe, majani makavu, na moto wa kila kiangazi.

Katika nyika za namna hiyo, mkoani Morogoro, huota kichaka ambacho mpita njia hakitazami mara mbili. Kimo chake hakifiki goti. Mbuzi wamekila, moto umekiunguza, jembe limekipiga likapinda, na kila mvua zinyeshapo hutoa vijiti vipya vya kijivu vyenye ncha za miiba. Lakini fukua udongo kidogo penye shina lake. Chini ya vijiti vya mwaka huu limelala shina nene, limekunjamana, lina makovu juu ya makovu, halilingani hata kidogo na huo udogo ulio juu ya ardhi. Huo ni mpingo, na umri wake haupimwi kwa kimo.

Wajapani wana neno la mti uliofanywa hivyo, ijapokuwa wao huufanya kwa mkasi na subira. Bonsai ni maneno mawili: *bon*, chombo bapa mfano wa sinia, na *sai*, kupanda. Sanaa yenyewe waliipokea kutoka China karne nyingi zilizopita, wakaifanya yao. Mti wa kawaida, wenye mbegu ya kawaida, hulelewa katika chombo kifupi, mizizi ikipunguzwa na matawi yakipogolewa, mpaka mti wa kubebwa kwa mikono miwili uwe na sura ya mti mkongwe uliosimama peke yake juu ya jabali. Hakuna dawa ya kuudumaza wala aina maalumu ya mbegu. Kuna mkono unaorudi kila siku, basi.

Kulitia neno hilo katika Kiswahili si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa. Lugha yetu ina njia yake ya kudogosha, lakini mti ukidogoshwa huwa kijiti, na kijiti ni kitu cha kuwashia moto. Kuuita mbilikimo ni kuutukana mti na kuwatukana watu kwa pamoja. "Mti wa chungu" humpeleka msikilizaji kwenye mwarobaini. Limebaki "mti wa sinia", na ndilo lenye nafuu, kwa kuwa mtu wa pwani alisikiapo neno sinia huona chombo kipana, kifupi, chenye kuzungukwa na watu. Naye Mjapani, kama angeelezwa, huenda asingekataa.

Katika nchi nyingi za joto wapenzi wa sanaa hii wamekwisha kuzoea mikwaju na mivumo, miti inayovumilia mateso na kusamehe upesi. Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi. Charles Ceronio wa Pretoria aliona kuwa mitindo ya Kijapani, iliyotokana na misonobari ya milima ya baridi, haiwezi kuusema mti wa Afrika. Akabuni mtindo wa migunga yenye kichwa bapa mfano wa mwavuli, akauita kwa jina la mchoraji Jacobus Hendrik Pierneef (1886–1957), aliyeichora migunga hiyo maisha yake yote. Akautambua pia mtindo wa mbuyu. Hilo ni jambo la kustahiwa, kwani aliyekubali kutazama mti wa kwao kabla ya kutazama kitabu ndiye aliyeanza kazi.

Mpingo, kwa upande wake, ni nadra kuonekana katika masinia ya dunia. Sababu mojawapo ni polepole yake. Wenye kuuchunguza husema kuwa huchukua miaka 70 na zaidi kabla shina halijafaa kupasuliwa mbao. Sababu nyingine ni kwamba wanaoujua huujua ukiwa umekwisha kufa. Unajulikana kwa vinyago vya Wamakonde, kwa ile mihimili ya watu waliopandana mabegani, babu chini na vitukuu juu, inayoitwa Ujamaa. Unajulikana Ulaya kwa zumari zao ziitwazo klarineti na oboe, ambazo kiini cha mpingo huzipa sauti isiyopatikana kwa mti mwingine wowote. Ubao wake ni mzito hata huzama majini. Na kwa kuwa shina lake hupenda kupinda, kupasuka na kuwa na uwazi ndani, sehemu kubwa ya gogo hutupwa kabla ya kupatikana kipande kimoja cha zumari. Tangu Januari 2017 jamii yote ya miti hiyo, ambayo wataalamu huiita Dalbergia, imo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2019, huko Geneva, zumari zilizokwisha kutengenezwa zikaondolewa katika sharti hilo ili wanamuziki wasizuiwe mipakani. Mti uliosimama haukuondolewa.

Ama kuhusu kuulea katika sinia, la kwanza ni kutoung'oa ule mkongwe wa nyikani. Vishawishi ni vikubwa, kwa sababu moto na mbuzi wamekwisha kufanya kazi ya miongo kadhaa bila malipo, na fundi wa Kijapani akiliona shina lile angepiga magoti. Lakini mpingo ni mti uliohifadhiwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mzizi wake mkuu umezama chini sana. Aung'oaye bila kibali na bila ujuzi hupata kosa mkononi na maiti siniani. Mbegu ni njia ya haki. Maganda yake ni mepesi na bapa, mfano wa karatasi kavu, kila moja lina mbegu moja au mbili, na mbegu mbichi huota bila taabu katika mchanga wenye unyevu, ndani ya wiki mbili tatu.

Mche ukishika nguvu mzizi wa katikati hukatwa. Hapo ndipo wengi husitasita, na kusitasita kwao kuna heshima yake, maana mzizi ule ndio ambao nyikani humwokoa mpingo na moto na kiangazi. Mti ukiukosa hulazimika kutoa mizizi ya pembeni, ile ambayo miaka ijayo itaonekana juu ya udongo ikishika sinia kama vidole. Udongo uwe wa mchanga na changarawe, mboji kidogo, pamoja na konzi moja ya udongo uliotolewa chini ya mpingo mkubwa. Konzi hiyo si uganga. Mpingo ni wa ukoo wa kunde, na mizizi yake huwa na vinundu vyenye vijidudu vinavyoutafutia mti chakula kutoka hewani. Vijidudu hivyo huishi katika udongo wa wazee wake. Sinia liwekwe juani mchana kutwa. Kivulini mpingo hurefuka na kukonda kama mtu mwenye deni.

Kupinda matawi ndiko kwenye mtihani. Kijiti cha mpingo kikiwa cha msimu huu hukubali waya na kwenda kinakoelekezwa. Kikishakomaa hakipindi, hukatika, tena kwa mlio. Wahenga wa pwani waliosema samaki mkunje angali mbichi walikuwa wakisema juu ya watoto, lakini mpingo huwatii neno kwa neno. Kwa hiyo kila mwaka kuna majuma machache tu, mvua zikiwa zimeanza na machipukizi yakiwa bado laini, ambapo jambo linaweza kuamuliwa. Mkono uliochelewa hungoja mvua nyingine. Katika kiangazi mti hupukutisha majani yote ukabaki mifupa, na huo ndio wakati wa kuutazama na kujua makosa ya mkono. Karibu na mvua huja maua meupe madogo yenye harufu nzuri, kama mti umeridhika.

Lipo jambo moja ambalo mpingo unalo na msonobari hauna. Mafundi wa Kijapani hupenda kuacha tawi lililokufa katika mti ulio hai, wakalichuna ganda na kulipaka dawa hata likawa jeupe kama mfupa, ili kuonyesha kuwa mti umepita katika dhoruba. Tawi la mpingo likifa nyikani, wadudu hula ile nyama ya nje yenye rangi ya maziwa mpaka wakafika kwenye kiini, na hapo huacha, kiini hakiliki. Linalobaki ni jeusi. Basi mpingo wa sinia, ukifikia umri wa kuwa na kiini, hauhitaji kupakwa kitu. Uzee wake hauji na mvi.

Na mtindo? Mwavuli wa Pierneef hautaufaa, kwa kuwa mpingo hauna kichwa kimoja. Hutoka shina tatu nne kutoka mzizi mmoja, kila moja likaenda na wazimu wake. Atakayeulazimisha uwe msonobari atapata msonobari mbaya. Afadhali aende akatazame nyikani mwezi wa Septemba, moto umeshapita, aone jinsi mashina yanavyoachiana nafasi.

Wapenzi wa tungo watakuwa wamekwisha kuona ulinganisho unaojileta: sinia ni mizani, mkasi ni vina, na mti uliobanwa ndio shairi. Ulinganisho ni mtamu, lakini haufiki mbali. Shairi hufika mahali likafungwa kwa kituo, likaenda kwa watu, na mtunzi anaweza kulala. Mti wa sinia hauna kituo. Mlezi wake akienda safari ya siku tano mwezi wa Septemba bila kumwachia mtu maji, arudipo hakuta mti.

Swali lililo zito zaidi ni jingine: kwa nini mtu wa Mlali apande mpingo katika sinia, naye amezungukwa na ardhi? Jibu limo katika ardhi yenyewe.

Waluguru ni watu wa upande wa mama. Kwa desturi yao ardhi ni ya ukoo, *lukolo*, na ukoo hufuatwa kwa mama. Mume aliyekwenda kuishi kwa mkewe hulima kwenye ardhi isiyo yake, na mgeni aliyeazimwa shamba alitoa *ngoto*, kitu kidogo cha kukiri kuwa mwenye ardhi ni mwingine. Mwenye kulima kwa ngoto aliruhusiwa kupanda mahindi na maharage. Miti ya kudumu hakuruhusiwa. Mahindi huvunwa yakaisha, lakini mti hubaki umesimama, na kadiri unavyokua ndivyo unavyosema kuwa aliyeupanda ana haki mahali hapo. Mti ni dai. Watu wa milima hii walijua vyema kuwa kazi iliyotiwa ardhini hubadili maneno juu ya ardhi, na hofu hiyo ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyochochea ghasia za mwaka 1955, walipoyakataa matuta ya kulazimishwa ya serikali ya kikoloni hata mpango wenyewe ukaachwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeleta halmashauri na hati, na mwanamke na mwanamume kusimama sawa mbele yake. Lakini desturi haing'olewi kwa karatasi, kama vile mpingo haufi kwa moto mmoja.

Msomaji wa visiwani hatashangaa. Unguja na Pemba watu wamezoea tangu zamani kwamba mnazi au mkarafuu waweza kuwa wa fulani na ardhi chini yake ikawa ya fulani mwingine, na kwamba mti huuzwa, hurithiwa na hugombaniwa peke yake. Hata baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilipofanywa ya serikali na wananchi wakagawiwa ekari tatu tatu, maneno juu ya miti hayakunyamaza. Tofauti ni kwamba visiwani mti ulitenganishwa na ardhi, ilhali Uluguru mti uliogopwa kwa sababu haukutenganika nayo.

Na achukuliwe kijana wa kubuni, aliyeoa Mlali, analima nyanya kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe. Mzee wa ukoo apita, aona mche wa mpingo kwenye chombo bapa kilichowekwa juu ya jiwe.

"Mkwe, unapanda miti?"

"Shikamoo, baba. Sipandi. Nafuga."

Mzee huyo wa kubuni hana budi kucheka, kwa sababu jibu ni la kweli. Mti wa sinia ni mfano wa mbuzi: unalishwa, unafungwa, na siku ya kuondoka unabebwa. Haudai shubiri ya ardhi. Na mpingo, ambao hakuna mkulima mwenye akili timamu angeupanda shambani mwa mwingine akangoja miaka 70, hapa hupata mtu wa kuukuza, kwa kuwa haumwudhi mwenye ardhi wala haumsubirishi mlezi. Mwaka wa tano ni mti. Mwaka wa kumi ni mti mzuri.

Lakini kichekesho hicho kina mkia. Mti wa sinia ukitunzwa huishi kuliko mtu. Huko Washington, katika bustani ya taifa ya miti ya Marekani, upo msonobari mweupe wa Kijapani ambao malezi yake katika chombo yalianza mwaka 1625. Ulikuwa wa ukoo wa Yamaki, uliorithishana mti huo baba kwa mwana. Tarehe 6 Agosti 1945 ulikuwa Hiroshima, nyuma ya ukuta wa bustani, kama kilometa tatu kutoka bomu lilipoangukia, ukanusurika pamoja na wenyewe. Mwaka 1976 Masaru Yamaki akautoa zawadi kwa Marekani, yaani kwa waliotupa bomu, na wapokeaji hawakuijua habari ya Hiroshima mpaka wajukuu wa Yamaki walipokwenda kuutazama mti wa babu yao mwaka 2001. Miaka 25 mti ulinyamaza. Kuna ubingwa mwingi katika mti huo, lakini linaloshangaza kuliko ubingwa ni kwamba kwa karne tatu na ushei hakuna kizazi kilichosema, hili lilikuwa jambo la babu, mimi silo.

Basi mpingo wa kijana wa Mlali ni wa nani baada yake? Shamba si tatizo, lina mlolongo wake. Nyumba na mbuzi vina mazoea yake. Je, sinia lifuate mwana, aliyekua akiona baba akimwagilia, lakini ambaye kwa ukoo ni wa mama yake? Au lifuate mpwa, mtoto wa dada, ambaye ndiye damu ya ukoo, na ambaye labda anaishi Dar es Salaam katika chumba kisicho na jua? Kitu kisichodai ardhi kimeukwepa ugomvi mmoja kikaangukia mwingine. Yamkini hiyo si hasara. Mti unaolazimisha watu kukaa na kuulizana nani ataulea umekwisha kufanya kazi ambayo vinyago vya Ujamaa hufanya kwa kuonyesha tu.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mapambo ya mtu mwenye nafasi, na kwamba mpingo elfu katika masinia hauwi msitu. Ni kweli, wala asiwepo wa kubisha. Msitu una njia zake na watu wake. Sebastian Chuwa wa Moshi, aliyefariki mwaka 2014, alianzisha pamoja na James Harris, mkerezaji wa Texas, mradi wa kuhifadhi mpingo mwaka 1996, akafundisha shule na vikundi vya akina mama kuotesha miche kwa maelfu. Kilwa, misitu ya vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009, wanakijiji wakawa wanauza magogo ya mpingo wenyewe kwa bei wanayoijua, badala ya kuyaona yakipita barabarani usiku. Hizo ni kazi kubwa. Mti wa sinia haudai kuwa mwenzao. Unachofanya ni kumweka mtu mmoja karibu na mpingo mmoja ulio hai, kila siku, kwa miaka. Na katika nchi ambayo wengi wetu tumewahi kushika mpingo uliochongwa bila kuwahi kugusa jani lake, hilo nalo si dogo.

Linabaki jambo la maji. Sinia ni fupi, na Septemba Mlali hukauka udongo wake kabla ya adhuhuri. Mti huhitaji maji kidogo asubuhi, na siku za upepo hata jioni. Maji hayo hutoka kwenye mfereji uleule wa nyanya, au kwenye ndoo iliyotekwa mbali na kubebwa kichwani na mtu ambaye hakuulizwa kama anapenda bonsai. Kikombe kimoja kinatosha. Mke wa kijana yule wa kubuni akipita na ndoo, akainama kidogo bila kuitua, akamwaga kiasi cha kikombe juu ya jiwe penye ule mti ambao si wa ukoo wake, kisha akaendelea na safari ya kwenda kwenye nyanya, mti una mwaka mwingine.